Zimeni Muziki Msikie Miguu ya Gari

Wanangu mnaoendesha michomoko kati ya Bariadi na Lamadi, na ninyi wa Haisi za Maswa, na wewe kijana uliyekabidhiwa Probox ya mjomba ili ujitafutie: nawasikia kila siku pale stendi mkibishana kuhusu injini. Ipi inakula mafuta kidogo, ipi ina mbio, ipi haijafunguliwa tangu itoke Japani. Sijamsikia hata mmoja akijisifia bushi za gari lake. Na katika mkoa wetu huu gari haliwahi kuzeeka injini. Linazeekea chini, kwenye raba, kwenye boli jointi, kwenye shokapu, mahali ambapo abiria haoni na tajiri hataki kuambiwa.

Mtu anayezunguka kwenye lami tu anaweza kubisha. Lamadi hadi hapa Bariadi ni lami, kama kilometa 70. Ukielekea Maswa na kuendelea hadi Mwigumbi ni lami pia. Lakini abiria hawaishi kando ya lami peke yake. Leo unaitwa Lagangabilili, kesho Kisesa, keshokutwa Mwandoya hadi Mwanhuzi, na ununuzi wa pamba ukifunguliwa kila AMCOS ina mtu anayetaka kufika kabla ya jua kuwa kali. Fedha ya maana iko kwenye vumbi, na huko ndiko miguu ya gari inakoliwa.

Udongo wetu mweusi wa mbuga, huu unaotupa pamba na dengu na mpunga, mkulima anaupenda, mjenzi wa barabara anauogopa. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka. Barabara iliyolazwa juu yake haitulii. Wakati wa mvua magurudumu ya Fuso huikata mifereji, na kiangazi mifereji ile ile hukauka ikawa migumu, wewe unakuja na kigari chako cha tairi nyembamba na kutumbukia upande mmoja, kisha mwingine. Kila ukitumbukia, kuna raba mahali fulani chini yako inayovutwa kuliko ilivyokusudiwa.

Kwenye changarawe kuna ile mikunjo inayokata njia na kuifanya barabara iwe kama bati la paa. Madereva wengi huwasingizia wenye malori, kwamba springi zao mbovu ndizo zinazoichimba. Si hivyo tu. Mwaka 2007 watafiti watatu, Taberlet, Morris na McElwaine, walichapisha majaribio yao ya gurudumu linalopitishwa juu ya mchanga, na wakaonyesha kwamba hata gurudumu gumu lisilo na springi kabisa huchora mikunjo, mradi mwendo uvuke kiwango fulani. Kwa hiyo tunaichimba sote. Greda la TANROADS au la TARURA likipita leo, sisi kesho tunaanza upya. Sasa pigeni hesabu wenyewe. Mikunjo ikiwa imeachana sentimita 70, na wewe unakwenda kilometa 60 kwa saa, kila gurudumu linapokea mapigo zaidi ya 20 kwa sekunde moja. Kwa saa nzima yanapita 80,000. Gari hilo hilo, lilipokuwa Japani, pengine lilikuwa likimpeleka mtu kazini na kumrudisha kwenye lami tupu.

Najua mtanijibu kwamba ukikimbiza, gari linaelea juu ya mikunjo na abiria hawalalamiki. Ni kweli linaelea. Ndiyo sababu pia halishiki kona, na ukikanyaga breki linaendelea na safari yake. Na wakati ninyi mnaona raha juu, mafuta ndani ya shokapu yanachemka.

Hapo kwenye shokapu ndipo pesa nyingi inapopotea, basi nisimame kidogo. Shokapu haibebi gari. Anayebeba ni springi. Springi ikishabonyea hutaka kuruka, ikisharuka hutaka kubonyea tena, na shokapu ipo ili kuituliza: mafuta yanasukumwa kupita kwenye vitundu vidogo, nguvu ya mrukoruko inageuka joto, gari linatulia. Ukishatoka kwenye vumbi refu, sogeza kiganja karibu na shokapu utalisikia joto hilo. Kwa hiyo gari likilala upande mmoja hata likiwa tupu, usikimbilie kununua shokapu. Tazama springi, imevunjika koili au imechoka. Na ukiona shokapu imelowa mafuta mwilini, vumbi limeganda juu yake na kufanya tope, hiyo haina tena cha kujitetea.

Kuna kile kipimo cha kubonyeza kona ya gari kwa uzito wako na kuachia. Likipanda, likashuka, likatulia, mnasema zima. Kitumieni, lakini msikiamini sana, kwa sababu shokapu iliyochoka nusu hukipita vizuri tu. Mimi naamini tairi. Pitisha kiganja polepole kuzunguka tairi. Ukihisi mabonde na vilima, hapa limeliwa, hapa limebaki, ujue gurudumu lilikuwa linadundadunda barabarani, na shokapu ndiyo ya kwanza kuulizwa. Ukikuta ukingo wa ndani umekuwa kipara na wa nje bado una meno, hiyo ni alaimenti, na nyuma ya alaimenti mara nyingi kuna bushi iliyolegea. Ndiyo maana kupiga alaimenti kwenye gari lenye bushi zilizokufa ni kumchangia mwenye mashine tu. Atanyoosha leo, utatoka, utapiga shimo la kwanza na vipimo vitarudi vilikokuwa.

Sasa zimeni muziki. Singeli haina kosa, ila gari haliwezi kupiga kelele kuishinda. Shusheni vioo, tafuteni mtaa wenye matuta na vishimo, mwende mwendo wa mtu mwenye haraka zake kwa miguu. Ukiwa na mwenzako, yeye aende sambamba na gari nje, upande wa gurudumu unalolishuku.

Kong'okong'o nyepesi ya haraka kwenye vishimo vidogo, inayopotea ukirudi kwenye lami, mara nyingi ni linki ya stebilaiza. Ni kijiti chenye vichwa viwili, si ghali, na gari haliwezi kuanguka kwa ajili yake. Naianza hiyo kwa sababu ndiyo inayowaliza. Fundi asiye na subira akiisikia huwaandikia shokapu mbili na maunti zake, mnalipa, mnatoka, na kong'okong'o inawasindikiza hadi nyumbani.

Ngo! moja nzito unapokanyaga breki au unapoingiza rivasi ni kitu kingine. Hapo bushi kubwa ya mkono wa chini imeachia, mkono unakwenda mbele na nyuma, na usukani utakuwa unazurura kila ukishika breki. Kuiona ni rahisi: kurunzi, na bisibisi ndefu au mtaimbo mdogo wa kusukuma mkono taratibu. Raba iliyopasuka hadi chuma haijifichi. Milio ya kujivuta unapozungusha usukani gari likiwa limesimama, kisha usukani unarudi kwa kusitasita, iko juu, kwenye maunti ya shokapu na beringi yake. Vuuu inayopanda kadiri mwendo unavyopanda ni beringi ya gurudumu. Ta-ta-ta ukikata kona hadi mwisho huku unakanyaga mafuta ni sivii jointi, hiyo haihusiani na leo.

Na usukani ukitetemeka ukifika kilometa 80, kabla hujamwita fundi, chuchumaa utazame ndani ya rimu. Mvua zikinyesha, tope la mbuga hunata humo, linakauka upande mmoja, na gurudumu zima linakosa mizani. Nimeona boli jointi nzima zikitolewa na kutupwa kwa sababu ya tope ambalo kijiti na ndoo ya maji vingelimaliza.

Nimeitaja boli jointi. Kama mtayasahau mengine yote, hili lishikeni. Boli jointi ni kipira cha chuma ndani ya kikombe chake, kimefungwa kwa raba yenye grisi ndani, na ndicho kinachounganisha gurudumu na mkono wa chini. Raba ile ikichanika, vumbi linaingia, grisi inachanganyika na mchanga, chuma kinaanza kujisaga. Haitoki siku ya kwanza. Itagonga wiki, pengine miezi, ukikata kona kwenye shimo au ukipanda tuta kwa mshazari. Siku ikitoka, gurudumu linalala, fenda inakalia tairi, na usukani ulioushika hauamuru tena chochote. Ikikutokea unageuza stendi, watu watacheka na utaita fundi. Ikikutokea Dutwa, kwenye lami, umepakia watu, hakuna udereva unaosaidia.

Kuipima hakuhitaji mashine. Kwa IST, Probox, Noah na mengine ambayo springi na shokapu za mbele ni kitu kimoja, jeki iwekwe kwenye sehemu ya bodi iliyotengenezwa kwa jeki, gurudumu lining'inie. Gari ambalo springi yake imekaa juu ya mkono wa chini, jeki iwekwe chini ya mkono huo, vinginevyo springi inaibana boli jointi na mchezo hauonekani, unaambiwa nzima kumbe imekwisha. Shika tairi juu na chini, mkono mmoja kila mahali, uvute na kusukuma kwa zamu. Ukihisi mchezo, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha rudia. Mchezo ukitoweka, mwenye kosa ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni boli jointi. Halafu shika tairi kushoto na kulia, fanya vile vile. Mchezo wa hapo uko kwenye tairodi au reki. Dakika chache kwa kila gurudumu, asubuhi, kabla abiria hawajafika.

Lakini msiingie chini ya gari linaloning'inia kwa jeki peke yake. Wekeni stendi ya chuma, na kama hamna, gogo pana na rimu nzima iliyolazwa, na kizuizi kwenye magurudumu ya nyuma. Sitaki kusikia habari ya haraka.

Mguu huo wa mbele wa IST na Noah, ambao springi na shokapu vimeunganishwa kuwa kitu kimoja, asili yake ni Earle MacPherson, mhandisi wa Kimarekani. Ford ya Uingereza iliuweka kwenye magari yake ya Consul na Zephyr mwaka 1950, na baadaye karibu kila mtengeneza magari madogo akaufuata kwa sababu una vipande vichache na hauli nafasi. Ila una jambo moja ambalo vijana wa gereji bubu lazima walijue. Springi ile imefungwa ikiwa imebanwa. Ukifungua nati ya juu bila kuibana kwanza kwa kibano chake, itaruka na maunti na kila kilicho mbele yake, na kama ni uso wako, basi ni uso wako. Nimeona watu wakiifunga kwa kamba ya manila au waya wa kufungia nondo. Fundi asiye na vibano viwili vya springi, mpelekee kazi nyingine. Ya mguu wa mbele asiiguse.

Haya, kitu kimeharibika, unatengeneza. Shokapu na springi badilisha mbili mbili, kushoto na kulia kwa mhimili mmoja, ama sivyo gari litakuwa na upande mgumu na upande mlegevu na utalisikia kwenye breki. Bushi nayo ina siri ambayo mafundi wengi hapa hawaifuati. Bushi ya mkono haizunguki kama beringi. Raba yake imegandishwa kwenye chuma, na mkono ukipanda na kushuka raba inajisokota na kujirudisha. Sasa fundi akikaza bolti ya bushi hiyo gari likiwa juu ya jeki, miguu imening'inia, ameifunga raba ikiwa katika mkao huo. Gari likishuka chini, raba inasokotwa, na inabaki imesokotwa maisha yake yote, hata gari likiwa limeegeshwa. Itachanika mapema, na lawama atapewa mwenye duka la spea. Bolti ishikizwe tu juu ya jeki. Kukazwa kabisa kusubiri gari limesimama kwa magurudumu yake. Simama hapo hapo, uangalie kwa macho yako.

Kwa sababu hiyo hiyo bushi iliyochongwa kwa tairi kuukuu haiwezi kazi ya mkono wa gari dogo. Haikugandishwa na chuma, inasugua tu. Ikiwa umekwama Mwanhuzi jioni na hakuna nyingine, ichongeni, rudini nayo polepole, kisha itolewe. Wenye Fuso wana hoja zao kwenye springi za mabamba, siwaingilii.

Acheni pia kupaka oili chafu chini ya gari, hata kama tajiri anapenda kuona kunang'aa. Mafuta ya petroli na oili huvimbisha raba ya kawaida na kuilainisha, na bushi ambayo ingedumu inakufa kwa kupendezeshwa. Ikipiga kelele, osheni kwa maji na sabuni muone. Kama ni chuma kinacholia, oili haitarudisha raba iliyokwisha.

Wale mnaonyanyua IST kwa kuweka spesa juu ya springi ili zipite makorongoni, nawaelewa. Gari lile liko chini mno kwa njia zetu. Lakini mjue mnachonunua. Boli jointi na sivii jointi zinafanya kazi kwa pembe ambayo hazikutengenezewa, alaimenti inahama, na gari linakuwa refu kwenye kona. Ukinyanyua, nyanyua kidogo, piga alaimenti siku hiyo hiyo, na uanze kukagua raba za jointi mara mbili ya zamani.

Kuhusu spea, boksi halina ushahidi. Lenye jina la KYB au 555 lipo la kweli na lipo la kuigiza, na yote mawili yanakaa rafu moja. Nunua kwa mtu atakayekuwepo wiki ijayo, akupe risiti. Boli jointi mpya izungushe kwa mkono: iwe ngumu, yenye kuvuta sawasawa. Ikicheza kwenye kiganja chako dukani, itafanya nini Kisesa? Na ya mtumba kutoka kwenye gari lililochinjwa, springi nitakubali, maunti nitafikiria. Boli jointi ya mtumba sitaki kuiona.

Sasa tufike penye ugumu wenyewe, maana mengi ya haya mnayajua. Kinachowafunga ni hesabu. Tajiri anataka hesabu yake jioni, gari likilala gereji hakuna hesabu, na dereva anayelalamika sana kesho anakuta funguo kwa mwingine. Hivyo mnakaa kimya, mnaongeza sauti ya redio, mnapakia wanane kwenye gari la watano, na boli jointi inaendelea kusaga. Najua. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kuwa barabarani, lakini siku ya siku mwenye leseni iliyoshikwa ni wewe, na mwenye mguu uliovunjika pia ni wewe.

Basi zungumzeni kabla ya kupokea funguo. Siku ya kwanza, hata kama una njaa, mwulize tajiri: spea za miguu ni za nani, na gari linakaguliwa siku gani. Wengi hawajawahi kuulizwa, wanatoa jibu zuri kuliko mnavyodhani. Siku hiyo hiyo kagua naye magurudumu yote manne, yaliyo mabovu yaandikwe, ili baadaye usiambiwe umeyaua wewe. Weka daftari: tarehe, kilichobadilishwa, upande gani, duka gani. Na usimpigie simu kumwambia gari linagonga. Kwa tajiri hiyo ni lugha ya kuomba pesa. Mwambie boli jointi ya mbele kushoto ina mchezo, umeijaribu na breki imekanyagwa, na hii hapa video. Mtumie tairi likichezeshwa kwa mikono miwili. Mtu akishaona gurudumu la gari lake linacheza hivyo, mazungumzo hubadilika. Ukibadilisha, mpelekee ile kuukuu mkononi. Mpe pia bei ya tairi mbili za mbele, aone kwamba anazilipa tayari bila kujua, kila zinapoisha upande mmoja kabla ya wakati.

Akikataa? Kama ni linki ya stebilaiza, endelea na umkumbushe Jumamosi. Kama ni bushi, punguza mzigo, usiende Mwanhuzi, mpe muda mfupi wenye tarehe. Kama ni boli jointi au tairodi, rudisha funguo. Najua nimesema neno zito kwa mtu mwenye watoto. Rudisha tu. Mwambie kwa heshima, mbele ya mtu mzima mwingine, kwamba gari lipo, ni zima injini, na halifai kubeba watu hadi kitu hiki kibadilishwe.

Hitilafu ikikuanzia njiani, ukasikia ngo ambayo haikuwepo asubuhi na usukani umehama mahali pake, usisubiri kufika kijijini. Pembeni, taa za tahadhari, watu wote washuke upande wa shamba. Tazama kwa ndani kila gurudumu la mbele. Raba ya jointi imechanika na kichwa kimeanza kuchungulia? Hapo safari imekwisha; warudishie abiria nauli ya sehemu iliyobaki, watafute gari jingine, na fundi aje na jointi mpya hapo hapo ulipo. Wala usijaribu kulivuta gari taratibu hadi Bariadi, hata likiwa tupu.

Na siku ukichoka ukampa deiwaka, mwambie ni upande upi unaogonga na umegonga tangu lini. Asipouliza, mwambie hivyo hivyo, kisha mshikishe tairi alivute mwenyewe kabla hajawasha.